Nyumba ya Chumba Kimoja, Milango Sita



Katika kikao kilichopita cha chama chetu cha kufa na kuzikana, baada ya chai na kalimati, kijana wetu mmoja alifungua kompyuta yake, akaielekeza ukutani na kutuonyesha ukurasa wa kuingilia katika mfumo wa chama kama anavyotaka uwe. Chini ya jina la chama palikuwa na vitufe sita, vimejipanga kama bendera mbele ya hoteli: ingia kwa Google, ingia kwa Facebook, ingia kwa Apple, ingia kwa Microsoft, ingia kwa X, ingia kwa TikTok. Ukumbi ukapiga makofi. Mwenyekiti akatugeukia sisi wanne tunaoutunza mfumo huo, akauliza, "Haya, wahandisi wetu mnasemaje?" Tukajibu kwamba tutalitazama. Hilo lilikuwa jibu la woga, na tunaomba radhi kwalo. Jibu letu la kweli ni hapana. Vitano kati ya vitufe hivyo visiwekwe kabisa, na hicho cha sita tunakikubali shingo upande.

Tunajua tutaitwa wazee waliopitwa na wakati. Na iwe. Anayeshika kalamu hii kwa niaba ya wenzake ana miaka hamsini na kitu, na alisomea uhandisi hapa Uingereza miaka ya tisini, wakati ambapo kompyuta ya chuo ilikuwa na jina moja na neno la siri moja, na ukilisahau ulikwenda dirishani kwa karani na kitambulisho chenye picha yako, karani akakutazama usoni, yakaisha. Lakini mdogo wetu hajafika miaka thelathini, na katika jambo hili ndiye mkali kuliko sote. Kwa hiyo suala si umri. Suala ni kwamba tuko wanne, tuna kazi zetu za kutwa, na kazi ya chama tunaifanya usiku na Jumapili bila malipo. Mwenye nyumba ya chumba kimoja akitaka milango sita ni lazima aulizwe nani atailinda.

Kwa wasiojua, tueleze kitufe hicho kinafanya nini. Nyumbani, mtu akitaka kufungua akaunti ya benki huweza kuambiwa akalete barua ya sheha, au kwa watu wa bara, barua ya serikali ya mtaa. Benki haimjui mtu huyo, sheha anamjua, benki inamwamini sheha. Kitufe cha "ingia kwa Google" ni barua ya sheha hiyohiyo. Ukikibonyeza, mfumo wetu unakupeleka kwa Google, Google inakuuliza neno lako la siri (sisi hatulioni), kisha inakurudisha kwetu na hati yenye sahihi inayosema: huyu ni mtu namba fulani, na barua pepe yake ni hii. Tunakagua sahihi, tunakufungulia. Utaratibu wenyewe umeandikwa na kukubalika duniani. OAuth 2.0 ulichapishwa Oktoba 2012, na OpenID Connect, uliojengwa juu yake mahsusi kwa kutambulisha watu, ukatoka Februari 2014. Ni kazi safi ya kihandisi na hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni juu ya masheha: tuwaamini wangapi, na siku wakitugeuka tutafanya nini.

Tuanze na aibu yetu wenyewe, kwani hatuna haki ya kuwakemea wengine kabla ya hapo.

Mfumo wetu wa kwanza ulikuwa na kitufe cha mtandao mmoja wa kijamii. Hatutautaja jina, kwa kuwa kosa lilikuwa letu. Bibi mmoja wa mji wa jirani, mwanachama tangu chama kilipoanzishwa, aliandikishwa na mpwa wake kwa kitufe hicho. Mumewe alipofariki, kwa taratibu zetu ilimpasa aingie mfumoni, ionekane kuwa michango imetimia, kisha aombe fedha za mazishi. Hakuweza kuingia. Akaunti yake ya mtandao ule ilikuwa imefungwa miezi kadhaa nyuma kwa sababu ambayo hakuna aliyewahi kumweleza, naye hakujali, kwa maana alikuwa akiitumia kutazama picha za wajukuu tu.

Mtauliza, si mngefungua wenyewe hazina ya data mkamtafuta? Tulifungua. Tulichokikuta ndicho kilichotukosesha usingizi. Akaunti ile ilikuwa imefunguliwa kwa namba ya simu bila barua pepe, na akaunti ya namna hiyo haina barua pepe ya kutuletea. Kwa hiyo kumbukumbu nzima ya mwanachama wa zaidi ya miaka kumi ilikuwa ni namba ndefu isiyo na maana kwa binadamu, na jina "Mama Kipenzi". Tulikuwa na akina Mama Kipenzi watatu. Michango yake alikuwa akilipa mpwa, pamoja na ya shangazi zake wengine wawili, kwa muamala mmoja. Daftari la risiti la mweka hazina tulikuwa tumelistaafisha mwaka uliotangulia, tena kwa kujisifu.

Mweka hazina alikaa siku tano akilinganisha taarifa za benki na mfumo, tarehe kwa tarehe, pauni kwa pauni, mpaka akampata. Marehemu alikuwa ameshazikwa siku ya pili, kwa fedha za majirani zilizokusanywa mlangoni. Bibi hakutulaumu. Alisema tu, "Mimi nilidhani mnanijua."

Sasa turudi kwa kijana wetu na vitufe vyake. Hoja yake ya kwanza ni kwamba kazi yenyewe ni ndogo. "Anko," alisema, "kila kitufe ni mistari hamsini ya programu, kazi ya Jumamosi moja." Ni kweli kuhusu Jumamosi ya kwanza. Hizo nyingine hakuzitaja. Kitufe si kiti, ukinunue na kukiweka ukumbini basi. Kitufe ni mbuzi, na kila siku anataka majani.

Mchukueni Apple. Ili kitufe chake kifanye kazi, mfumo wetu lazima uwe na hati ya siri tuliyoitia sahihi kwa ufunguo waliotupa, na hati hiyo hairuhusiwi kuishi zaidi ya miezi sita. Asipokuwapo mtu au programu ya kuitengeneza upya, mlango unajifunga wenyewe, na kwa bahati ya chama chetu utajifunga usiku wa msiba. Uanachama wa wajenzi wa programu ni dola 99 kwa mwaka. Jina la mtu wanalileta mara moja tu, siku ya kwanza anapoingia. Usipolihifadhi hapohapo, usitegemee kuletewa tena. Na mtu anaweza kuchagua kuificha barua pepe yake, ukaletewa anwani ya kubuni inayoishia na privaterelay.appleid.com, ambayo huwezi kuiandikia mpaka uisajili kwao anwani unayotumia kutuma. Kwa mtu anayenunua viatu mtandaoni, huo ni ulinzi mzuri na tunausifu. Kwa chama cha kuzikana, ambacho kazi yake yote ni kujua nani ni nani na ndugu zake ni akina nani, tumerudi kwa Mama Kipenzi.

Facebook nayo inataka programu ikaguliwe, mwenye nayo athibitishwe, na kila mwaka aeleze upya anazitumiaje data alizopewa. Matakwa hayo si ya kipuuzi. Yameongezwa makali baada ya yale ya mwaka 2018 tutakayoyafikia. Lakini ni fomu, na fomu inataka mtu wa kuijaza kabla ya tarehe, na katika watu wanne mtu huyo hana jina. Microsoft nayo siri zake zina tarehe ya kufa. Mtandao wa Twitter ulitangaza Februari 2023 kwamba matumizi ya bure ya wajenzi wa programu yangekoma, kwa notisi ya wiki moja, kisha ukaahirisha, kisha ukaleta madaraja mapya. Ilipofika Julai ukabadilisha hata jina, ukawa X, na kila aliyekuwa na kitufe chenye ndege wa bluu akawa na kitufe cha kitu kisichokuwapo. Hata Google, ambayo ndiyo tunayoikubali, iliufunga mtandao wake wa Google+ kwa watu wa kawaida Aprili 2019 na vitufe vyake vikafa nao, kisha ikaistaafisha maktaba yake ya zamani ya kuingilia kwenye tovuti kuanzia Machi 31, 2023, ikiwataka wajenzi wote wahamie ile mpya. Mozilla, watu wema wenye nia njema, walileta Persona mwaka 2011 ili kumkomboa mtumiaji mikononi mwa makampuni makubwa. Novemba 30, 2016 wakaizima. Hatuwalaumu hata mmoja kati yao. Kila mmoja anaendesha nyumba yake. Tunachosema ni kwamba kila kitufe ni ahadi tunayompa mwanachama kwa niaba ya mtu asiyetujua, na ahadi ya namna hiyo hata ukoo haitoi bila kukaa kikao.

Na hapo bado hatujagusa tatizo la vitufe kuwa pamoja, ambalo ni baya kuliko la kimoja kimoja. Mtu hakumbuki aliingia kwa kipi! Mwezi wa Januari amebonyeza Google kwenye simu, mwezi wa Aprili yuko kwenye kompyuta ya binti yake amebonyeza Facebook, na mfumo umemfungulia nyumba mbili. Michango ya miezi mitatu iko huku, ya miezi mitano iko kule, na pande zote mbili anaonekana mdaiwa. Tumeyaona haya. Wenzetu wakubwa waliyaona kabla yetu: kampuni ya 37signals ya Chicago iliacha kupokea OpenID Mei 2011, baada ya kuona inawaletea kazi ya kusaidia wateja kuliko nafuu.

"Basi unganisheni akaunti zenye barua pepe moja," anasema kijana. Ndipo shimo linapokuwa refu. Ukiunganisha kwa barua pepe pekee, umemfungulia mlango kila anayeweza kuandika barua pepe ya mwenzake mahali pasipokaguliwa. Mwaka 2023 watafiti wa usalama walionyesha udhaifu wa namna hiyohiyo kwa programu zilizokuwa zikiamini barua pepe iliyokuja kwa njia ya Microsoft: msimamizi wa akaunti za shirika aliweza kujaza anwani ya mtu mwingine, na programu isiyo makini ikamkaribisha kama ndiye. Anayejua kazi hii hutegemea ile namba ndefu, wala si barua pepe. Lakini namba ndefu ya Google na namba ndefu ya Facebook haziwezi kuambiana kwamba ni za mtu mmoja. Lazima binadamu aseme.

Hoja ya pili ya kijana ina uzito, nasi tunaivulia kofia. Anasema makampuni haya yanalinda maneno ya siri kuliko watu wanne wa Jumapili watakavyoweza maishani mwao. Kweli tupu. Mtu anayeandika mfumo wake mwenyewe wa kuhifadhi maneno ya siri ya watu mia tatu bila kujua anachofanya anastahili kunyang'anywa kompyuta. Lakini jibu la hoja hiyo si vitufe sita. Jibu ni kutoyahifadhi maneno ya siri kabisa. Hilo tutalieleza. Na tusisahau kwamba ukubwa si kinga ya kila kitu. Septemba 2018 Facebook ilitangaza kwamba wezi walipata funguo za kuingilia katika akaunti za watu, hesabu ya mwanzo ikiwa milioni 50 na baadaye milioni 30. Kampuni ilisema haikuona dalili kwamba wezi walipitia humo kuingia katika programu za watu wengine, nasi tunakubali. Lakini siku zile kila mwenye kitufe hicho alikuwa akisubiri kuambiwa kama mlango wake uko wazi, kwa kuwa mwenyewe hakuwa na njia ya kujua. Na Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita dunia nzima. Kitufe cha Facebook kilizimika nazo.

Hoja ya tatu ni ya makofi: eti vijana hawatajiunga bila vitufe. Hapa tunaomba hesabu badala ya makofi. Mailchimp, kampuni ya kutuma barua pepe ya Atlanta, iliweka vitufe vya Facebook na Twitter mwaka 2012, ikaona makosa ya kuingia yamepungua kwa asilimia 66, ikafurahi. Walipochungua waligundua kwamba waliobonyeza vitufe hivyo walikuwa asilimia 3.4 tu. Kilichopunguza makosa, kwa sehemu kubwa, ni kwamba wakati huohuo walikuwa wameandika upya maneno yanayomtokea mtu akikosea: badala ya kumwambia kwa jumla kuwa amekosea, wakamwambia kama kosa liko kwenye jina au kwenye neno la siri. Wakaviondoa vitufe. Wateja wao si wanachama wetu, hilo tunalijua, na kumwambia mtu kosa lilipo kuna hatari zake pia. Lakini wao walipima. Sisi tumepiga makofi.

Kuna jambo jingine ambalo kijana aliyezaliwa hapa hawezi kulijua kwa kulisoma. Chama chetu kina watu wa hapa, lakini warithi na wategemezi walioandikwa wako Dar es Salaam, Mombasa, Unguja, Bujumbura, Kampala na Maskati. Hao nao huingia mfumoni, kuthibitisha kwamba fedha zimefika au kwamba mzazi bado yu hai. Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, Uganda iliifunga mitandao ya kijamii. Baadaye mingine ilifunguliwa, lakini Facebook ikaendelea kufungwa kwa miaka. Mei 2025 Tanzania iliufunga X. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya amri hizo, na sisi tunayo, ila si ya ukurasa huu. Kwa mhandisi maana yake ni moja: ukimpa shangazi wa Kampala kitufe cha Facebook au mjomba wa Temeke kitufe cha X, umekabidhi mlango wa chama cha kuzikana cha Uingereza kwa waziri wa nchi nyingine. Wapo watakaosema watu hutumia VPN. Shangazi wa miaka sabini, siku ya msiba, atumie VPN!

Microsoft tunaikataa kwa sababu ya nyumbani zaidi. Tuliuliza wanachama walio na akaunti ya Microsoft, na karibu wote walitutajia ile waliyopewa kazini: hospitali, halmashauri, wakala wa walezi wa wazee. Akaunti ya kazini ni mali ya mwajiri. Siku mkataba unapokwisha, na kwetu mikataba huisha bila kuaga, akaunti inakufa saa kumi na moja jioni, na uanachama wako wa kuzikana unakufa nayo. TikTok hatuna haja ya kuijadili.

Tena sheha anajua barua umeipeleka wapi. Kila unapoingia kwa kitufe, mwenye kitufe anajua kwamba umeingia wapi na saa ngapi. Chama chetu kinahifadhi habari za magonjwa, vifo, ndoa, nani hakulipa na nani amesamehewa. Kwa sheria ya hapa, iliyotokana na GDPR iliyoanza Mei 25, 2018, habari za afya na za dini zina ulinzi wa pekee, na anayewajibika ni sisi tuliozikusanya, si mwenye kitufe. Machi 2018 dunia ilisikia habari za Cambridge Analytica: programu moja ya maswali ya tabia, waliyoingia watu kama 270,000 kwa akaunti zao za Facebook, ilichota habari za marafiki zao pia, mpaka waliohusika wakafika milioni 87 kwa makadirio ya Facebook yenyewe. Milango hiyo imebanwa tangu wakati huo, nasi tungeomba jina na barua pepe tu. Hata hivyo hatuoni kwa nini mtandao unaouza matangazo ujue kwamba fulani, leo saa saba za usiku, ameingia katika mfumo wa mazishi.

Haya, tunataka nini basi?

Mlango mkuu uwe wetu, na uwe bila neno la siri. Mwanachama anaandika barua pepe yake, tunamtumia tarakimu sita zinazokufa baada ya dakika kumi, anaziandika, anaingia. Asiye na barua pepe atatumiwa kwa simu, na hapo tuseme ukweli: ujumbe wa simu ni ngao nyembamba. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliuweka mwaka 2017 katika njia za kutumiwa kwa tahadhari, kwani namba inaweza kuhamishwa kwa hila kwenda laini ya mwizi, na namba iliyoachwa hupewa mtu mwingine. Watu wetu huhama Maskati kwenda London na namba inabaki nyuma. Tena ujumbe wa kwenda nje una gharama kuliko wa ndani. Kwa hiyo simu ni ya wasio na njia nyingine, na kwayo mtu ataona michango yake lakini hatabadilisha akaunti ya benki ya kupokelea fedha.

Mlango wa pili, kwenye tovuti, ni Google. Kwa nini Google? Kwa sababu wengi wetu tuna simu za Android, na simu hizo zina akaunti ya Google tayari. Inaleta barua pepe iliyothibitishwa, inayolingana na ile tuliyonayo daftarini. Hatuisifu kupita kiasi. Kiungo kikifunguliwa ndani ya programu ya Facebook yenyewe, Google hukataa kumwingiza mtu, na tumeshapigiwa simu kwa hilo. Na kuna jambo ambalo makampuni hayalijui nasi tunalijua: akaunti za Google za wazee wetu wengi zilifunguliwa na kijana wa duka la simu. Mzee hajui anwani yake wala neno lake la siri. Simu ikipotea, akaunti imepotea. Ndiyo maana Google kwetu ni njia ya mkato kwa mwenye haraka, na uanachama haukai humo.

Kwenye programu ya iPhone tunayoitengeneza hatutaweka hata hiyo Google. Kanuni za duka la Apple zilikuwa zikisema programu yenye kitufe cha kampuni nyingine lazima iweke na kitufe cha Apple. Januari 2024 zililegezwa, ikawa inatosha kuweka huduma nyingine inayolinda faragha kwa kiwango hicho. Ukiwa na mlango wako mwenyewe tu, hudaiwi lolote katika hayo. Yaani ukimwalika mgeni mmoja, wa pili anakuja naye, na chakula ni kimoja. Kuhusu passkey, ule ufunguo unaokaa ndani ya simu na kufunguliwa kwa kidole au uso, ambao Apple, Google na Microsoft waliutangaza pamoja Mei 2022, tunaupenda na tutauleta. Si mwaka huu, maana simu za wazee wetu ni za kurithi kutoka kwa wajukuu.

Na aliyepoteza vyote, barua pepe, simu na akaunti? Huyo ataingia kwa watu. Kila mwanachama ataandika wadhamini wawili wanaomjua kwa sura na sauti, kama tulivyofanya siku zote kabla ya kompyuta. Wadhamini hao wakimthibitisha mbele ya katibu, kwa kuonana au kwa simu ya video, katibu na mweka hazina kwa pamoja wanamfungulia, na mfumo unaandika nani alifungua na saa ngapi. Kijana wetu alicheka aliposikia, akasema huo si uhandisi. Tulimuuliza kama ana njia nyingine ya kumpata Mama Kipenzi kabla ya mazishi, akanyamaza. Tangu wiki iliyopita anatuandikia sehemu ya kuunganisha akaunti zilizojirudia, na kwa haki yake lazima tuseme anaiandika vizuri kuliko ambavyo tungeiandika sisi, ingawa bado amenuna kuhusu Apple.

Waliojiandikisha kwa kitufe cha zamani wako arobaini na mmoja. Tunawaomba waje kwenye kikao kijacho na simu zao, na kama simu imebadilika waje na anayewajua. Tutakuwa meza ya karibu na mlango wa jikoni, tangu saa nane mchana. Mweka hazina atakuwepo na daftari jipya la risiti.